Asterios Polyp hakubadilika, alichoka tu. Waliosoma njooni tubishane

#1 Binti_Uyole
Habari zenu wadau. Kile kitabu cha picha nilichosema nimeachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao, nimekimaliza juzi usiku. Umeme ulikatika, kurasa za mwisho nikazisoma kwa tochi ya simu. Kinaitwa Asterios Polyp, kimeandikwa na kuchorwa na David Mazzucchelli. Ambaye hajasoma na anataka kusoma aishie hapa, maana nitasema yote mpaka mwisho.

Kuna profesa wa usanifu majengo, Mmarekani mwenye asili ya Ugiriki. Ana sifa kubwa, wanafunzi wanamsikiliza, lakini hakuna hata jengo moja alilochora likajengwa. Anaoa mchongaji anaitwa Hana, mtu mpole, haongei sana. Ndoa inavunjika. Siku anatimiza miaka 50 radi inapiga jengo analoishi New York, moto unateketeza kila kitu. Anakimbia na vitu vitatu tu, anapanda basi mpaka pale pesa yake inapoishia, anashuka mji mdogo unaitwa Apogee na kuomba kazi gereji. Huko anapigwa chupa baa, jicho moja linakwenda. Mwishoni anamfuata Hana kwenye theluji, anagonga mlango.

Wote wanaokisifu kitabu hiki wanasema ni habari ya mwanaume aliyebadilika. Mimi nakataa. Mtu akinyang'anywa mke, nyumba na jicho lazima awe mpole. Huo ni uchovu. Toba ni kitu kingine. Nimelala nalo siku mbili, nisaidieni.

#2 Mhehe_wa_Gangilonga
Kamwene. Nilikisoma nikiwa chuo, nakala ya rafiki. Kabla hatujafika kwenye kubadilika, niambieni kwanza kosa lake ni lipi. Hampigi mke, hamnyimi chakula, hamfungii mlango usiku. Huku kwetu Iringa mwanaume wa namna hiyo akifa, msibani watasimama watu watatu kumsifu kwamba alikuwa mume wa mfano. Sasa mnataka atubu nini?

#3 Mama_Vitenge
Kosa lake anakatiza.

Binti Uyole ni jirani yangu, kitabu nimekipitia kwake mara mbili. Kiingereza changu si kirefu ila picha zinatosha. Yule dada akianza kusema, mume keshamalizia. Wakiwa na wageni, mume ndiye anayeeleza mke wake anafikiri nini, na mke amekaa palepale.

Nimeishi miaka kumi na saba na mtu wa hivyo, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Narudi kutoka sokoni, naanza, "Leo kuna mteja mmoja..." Anadakia, "Kakukopa. Nilikwambia usikopeshe." Kumbe mteja alikuwa kaniletea mkungu wa ndizi kutoka Kiwira kwa shukrani. Sikuusema ule mkungu. Niliupika tu. Aliula na hakuuliza umetoka wapi. Wewe Mhehe unauliza kosa lipi? Mtu unaweza kukaa na wewe mwenyewe ndani ya nyumba yako miaka mpaka sauti yako ukiisikia inakushtua.

#4 Mhehe_wa_Gangilonga
Mama, pole, na asante. Sina la kujibu hapo.

#5 Mchapaji_Sabasaba
Mimi ni mtu wa mashine, niwaonyeshe kitu ambacho pengine kimewapita. Sisi tunaochapa rangi tunatumia wino wa aina nne: siani (ile bluu ya maji), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Pleti nne, kila moja na wino wake. Nyeusi ndiyo inayobeba mistari na maandishi. Kitabu hiki nyeusi haimo. Mistari yote unayoiona imeundwa kwa siani, majenta, njano, au zikilaliana. Ile zambarau mnayoidhania nyeusi ni wino mbili juu ya nyingine.

Na hakuifanya kwa urembo. Maisha ya zamani, ya ndoa, ni siani na majenta. Maisha ya Apogee ni njano na zambarau. Mwanaume ni bluu, ana mistari ya rula, mwili wake unakuwa kama mabomba na maboksi. Mwanamke ni mwekundu, mistari ya kuchanjachanja kama ya penseli. Siku wanakutana kwenye ile hafla ya chuo, mistari ya yule mwekundu inaanza kumjaza yule bluu, na umbo la bluu linampa mwekundu mpaka. Wakigombana kila mmoja anarudi kwenye rangi yake. Ukurasa uleule, kochi lilelile, watu wawili wamechorwa kama wametoka vitabu viwili tofauti.

Kwa hiyo swali la Binti Uyole linajibika kwa macho. Angalia kurasa za mwisho, rangi zimechanganyika zote. Kijani ipo, kahawia ipo. Mchoraji anasema amebadilika.

#6 Binti_Uyole
Mchapaji, nimekwenda kuangalia tena na ni kweli. Lakini rangi zilizochanganyika ni za mchoraji. Mimi namhukumu Asterios kwa maneno yake.

Kuna ukurasa mmoja ambao nadhani wote mliosoma mnaukumbuka. Pamba ya masikio imemkwamia Hana ndani ya sikio, anaogopa. Mume anaichomoa polepole. Halafu inakuja safu ya picha ndogondogo, Hana akifanya yale mambo ambayo mtu hayafanyi mbele ya wageni, mwili tu wa kila siku. Nililia pale. Nilipotulia nikajiuliza: huyu bwana katika kumkumbuka mkewe anakumbuka sikio, pua, mabega. Yuko wapi Hana anayesema kitu cha maana na mume akakikumbuka?

#7 Kijana_wa_Mafinga
Samahani nachomekea. Huyu Mazzucchelli si Muitaliano? Na kitabu ni cha 2019?

#8 Mchapaji_Sabasaba
Jina tu ndilo la Kiitaliano, mtu ni Mmarekani. Kitabu kimetoka 2009, mwaka 2010 kikapata tuzo za Eisner, ambazo ndizo kubwa kwa vitabu vya picha Marekani. Yeye zamani alichora Daredevil na Batman, kisha akayaacha mambo ya mashujaa.

#9 Kijana_wa_Mafinga
Nimeelewa, shukrani. Sisi tumekua na Sani, Lodilofa na Ndumilakuwili, kitabu cha katuni unakipitisha darasani chini ya dawati mpaka mwalimu akikamate. Kumbe kuna cha kumliza mtu mzima.

#10 Mchora_Ramani_Iyunga
Wakuu naomba kumtetea Asterios kwenye kazi yake, maana naona watu wanaisema "hakuna jengo lililojengwa" kana kwamba ni wizi. Katika fani yetu kuna wasanifu wa karatasi, na wengine ni wakubwa kuliko waliojenga. Étienne-Louis Boullée, Mfaransa, mwaka 1784 alichora kaburi la heshima la Newton, tufe kubwa la mita 150 hivi kwenda juu. Halikujengwa, na wanafunzi wanalisoma mpaka leo. Zaha Hadid alishinda shindano la kuchora jengo la klabu, The Peak, kule Hong Kong mwaka 1983, halikujengwa. Miaka kumi watu wakimwita wa karatasi, hadi kile kituo cha zimamoto cha Vitra nchini Ujerumani mwaka 1993. Mwaka 2004 akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwanamke wa kwanza.

Tatizo la Asterios ninavyolisoma mimi liko hapa: ramani haibishi. Ukuta ukiuchora unakaa pale ulipoambiwa. Mtu aliyezoea miaka thelathini kushughulika na kitu kisichobisha, akiletewa mke, anamchora na yeye. Anagawa dunia mbili mbili, umbo na maudhui, akili na moyo, na chochote kisichoingia kwenye mgawanyo wake hakioni. Angejenga hata choo kimoja tu angejifunza. Fundi angemwambia, "Bosi, hapa udongo mbaya, nondo hii haitoshi," na angelazimika kunyamaza asikilize.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nina ramani kumi na moja kwenye kompyuta yangu za nyumba za watu wa Isyesye na Iwambi. Zilizofika kwenye linta ni mbili. Iliyopauliwa, moja.

#11 Fundi_Makambako
Kifurushi nimekipokea leo saa nane stendi, konda kakiweka chini ya gunia la viazi lakini hakijapondeka, Binti Uyole usiogope. Umekifunga na kitenge kizuri, nitakirudisha nacho. Nipeni siku tatu.

#12 Mama_Vitenge
Kitenge ni changu hicho fundi, kifue kwanza.

#13 Mhehe_wa_Gangilonga
Wakati tunamngoja fundi, niseme utani wangu. Mtu anayeongea mezani masaa mawili bila kumeza mate, ana digrii, anajua kila kitu, na nyumba hajamaliza. Jamani huyu Asterios si Mnyakyusa kabisa? Hiyo asili ya Ugiriki ni kisingizio.

#14 Kyela_Ndizi_Mbivu
Na Hana ni Mhehe. Amenyamaza, amenyamaza, ukidhani mmeelewana, kesho kabati tupu.

#15 Mhehe_wa_Gangilonga
Hiyo nimeipokea, ni kweli kwa shangazi zangu wawili. Halafu mmeliangalia jina lenyewe? Hana. Kila nikisoma nasikia "hana". Hana sauti, hana nafasi. Alikuwa binti pekee na makaka juu yake, nyumbani kwao hakuna aliyemtazama, kaolewa hakuna aliyemsikiliza.

#16 Mchapaji_Sabasaba
Kwa Kijapani hana ni ua. Mama yake ana asili ya Japani, baba upande wa Ujerumani. Jina limetoka huko.

#17 Mama_Vitenge
Yote mawili yanamfaa.

#18 Doto_bila_Kulwa
Nimeusoma uzi wote na nashangaa hamjamtaja anayesimulia.

Hadithi hii haisimuliwi na Asterios. Anayesimulia ni Ignazio, pacha wake aliyefariki wakati wa kuzaliwa. Nyie mnajadili ndoa, mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje, nikakaa kwenye tofali mpaka kukaingia giza.

Mimi nimezaliwa Tukuyu, tulikuwa wawili, mwenzangu hakufikisha siku. Jina langu la nyumbani ni Doto na Kulwa hayupo. Wageni wakisikia huuliza, "Kulwa yuko wapi?" na mama hujibu, "Alitangulia." Utotoni nilikuwa namwachia upande mmoja wa mkeka. Sikufundishwa na mtu. Na mpaka leo nikiamua jambo kubwa kuna mtu nabishana naye ndani, anajua zaidi yangu, na hakosei kwa sababu hajawahi kufanya kitu.

Asterios alifunga kamera nyumbani kwake, akarekodi maisha yake ya kila siku, mikanda ikajaa. Watu wanasema ni majivuno. Mimi nasema alikuwa anatengeneza mwenzake. Alitaka pawe na Asterios mwingine mahali fulani. Mtu wa hivyo hakatizi watu kwa dharau. Anakatiza kwa sababu kichwani mwake tayari wanaongea wawili, mke anakuwa wa tatu na hapati zamu.

#19 Binti_Uyole
Doto. Pole sana. Sikuwahi kuiona hivyo. Sasa umenichanganya zaidi.

#20 Mzee_wa_Masoko
Salamu wanangu. Doto amegusa jambo la kwetu. Zamani katika Unyakyusa pacha hawakuwa jambo la vigelegele. Waliogopwa. Wazazi wa pacha walitengwa kwa muda, wakafanyiwa dawa, na ndugu wa karibu nao wakashiriki, mpaka ionekane nyumba imetulia. Monica Wilson, mama wa Afrika Kusini aliyekaa na wazee wetu miaka ya 1930, aliyaandika hayo yote. Makanisa yalipoenea yakapungua.

Ninachotaka kusema: wazee waliamini uzazi wa pacha umebeba nguvu kuliko kawaida, na usipotulizwa unasumbua. Kwa kule kwa huyu bwana, mtoto mmoja kazikwa na mwingine kalelewa kana kwamba alikuja peke yake. Hakuna aliyetuliza kitu. Msinielewe kwamba turudie mila. Nasema tu hata wale waliokosea waliona kwamba kuna kitu cha kushughulikia.

#21 Doto_bila_Kulwa
Shikamoo mzee wangu. Ndaga fijo. Bibi aliniambia vipande tu, hakutaka kumaliza.

#22 Nesi_wa_Njombe
Shikamoo mzee Masoko, na wengine habari. Kwa heshima yote napingana nanyi. Mnatafuta mbali. Baba yake Asterios aliugua, akalala kitandani miaka, mama yake ndiye aliyemgeuza, kumlisha, kumfuta. Mtoto wa kiume aliyekua akimtazama mwanamke anayejua mgonjwa anataka nini kabla hajasema, anakuwa mkubwa akiamini mapenzi ndiyo hayo: mwanamke asome mawazo yako, wewe usisome ya kwake. Ninaona wodini. Mke amelazwa, mume anamuuliza yeye mgonjwa chumvi iko wapi. Si mbaya, wala hampigi. Hajawahi kufikiri tu.

#23 Fundi_Makambako
Nimemaliza. Nimesoma mara ya pili leo asubuhi mvua ikiwa inanyesha, hakuna gari lililoingia.

Mwanzo nilikasirika. Profesa anaingia gerejini kwa Stiff Major hajui kitu, anapewa kazi, anapewa chumba, mke wa Stiff anamkaribisha mezani. Nikasema huyu anafuata huruma. Ila mnaosema amechoka, ninyi hamjashika spana. Mtu mzima wa miaka 50 kuwa saidia fundi ni kazi ngumu moyoni kuliko mgongoni. Unaambiwa, "Niletee kumi na nne," unaleta kumi na mbili, kijana wa miaka kumi na saba anakucheka. Nimewapokea watatu wa namna hiyo, mmoja alikuwa mhasibu, mwingine mwalimu. Wawili waliondoka wiki ya kwanza. Uchovu haumfanyi mtu abaki. Aliyebaki alikuwa ameshaamua.

Pili, jicho. Rafiki yangu hapa gerejini cheche ya grainda ilimtoa jicho la kushoto. Miezi ya kwanza alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Bolti anaikosa kwa nusu inchi, anachomeka hewani. Daktari alimweleza kwamba macho mawili ndiyo yanayopima umbali, kwa moja kila kitu kinakuwa bapa kama picha. Akajifunza upya. Akawa anashika kwanza kwa mkono wa kushoto ndipo alete spana na wa kulia. Anagusa kabla hajafanya. Sasa fikirini mtu aliyekuwa anajua kila kitu kwa kutazama tu, analazimishwa agundue kwa kugusa. Siwezi kusema amebadilika rohoni, siijui roho ya mtu. Lakini namna ya kushika vitu imebadilika, hilo naapa.

Tatu, Mchora Ramani nisikilize. Jengo la kwanza ambalo Asterios anajenga kwa mikono ni kijumba cha juu ya mti, cha mtoto wa Stiff. Hukulitaja.

#24 Mchora_Ramani_Iyunga
Fundi, nimekaa kimya dakika nzima. Nililisahau kabisa. Kati ya yote.

#25 Mama_Vitenge
Mimi nina langu kuhusu vile vitu vitatu. Moto unawaka, mtu anachukua kiberiti cha gesi cha baba yake, saa, na kisu cha kukunja. Binti Uyole aliniuliza kwa nini asichukue mikanda yake au michoro yake, nikamwambia moto haukupi nafasi ya kuchagua.

Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 nilikuwa na kibanda cha kushona. Nilifika moto umeshika upande wa pili, moshi mweusi wa nailoni, watu wanarusha marobota nje. Nilikuwa na mashine mbili za cherehani, na vitenge vya dazeni nyingi. Nilitoka na mkasi, daftari la madeni, na gauni la mteja ambalo halijatiwa mikono. Mashine zimebaki ndani. Mpaka leo siwezi kusema kwa nini. Daftari nilikuja kulitazama usiku, kurasa za nyuma zimelowa maji, nusu ya waliokuwa wananidai na ninaowadai wamefutika. Gauni nililimalizia kwa mkono, sindano, kwa taa ya chemli, nikampelekea mwenyewe Ilomba. Akalia. Alikuwa ameshalitoa moyoni.

Kwa hiyo nikiona huyu bwana ana kiberiti, saa na kisu nasema sawa. Mkono ndio uliochagua. Na mkono wakati mwingine unamjua mtu kuliko yeye anavyojijua.

#26 Kijana_wa_Mafinga
Mama unaandika vizuri. Kweli kabisa.

Ila hamjaniambia radi ilitoka wapi. Bibi yangu angesema ametumiwa. Miaka 50 kamili, siku ileile ya kuzaliwa?

#27 Kyela_Ndizi_Mbivu
Kutumiwa na nani huko New York?

#28 Mzee_wa_Masoko
Radi sisi wa Rungwe ni majirani nayo. Mvua zetu zinavuka milimita 2,000 kwa mwaka, ngurumo tumezizoea. Na bado ikipiga nyumba, kila mtu huuliza, "Nani kakosana naye?" Hata wenye shahada huuliza, kimoyomoyo.

#29 Mchora_Ramani_Iyunga
Jibu la fani: jengo lisipokuwa na waya wa shaba kutoka juu mpaka ardhini, radi itatafuta njia yake. Hakuna mkosi hapo. Msanifu majengo anateketea kwa kitu ambacho msanifu ndiye anapaswa kukifikiria kwanza. Hilo tu linaniuma.

#30 Jirani_wa_Kimondo
Niko Vwawa, nimechelewa. Mnaongea radi ya mwanzo, mbona hamzungumzii jiwe la mwisho? Wamekaa Asterios na Hana, wanaongea kwa utulivu kwa mara ya kwanza kitabu kizima, wameshapoa, na juu kuna kimondo kinakuja kwenye nyumba yao. Ukurasa unaofuata tunarudi kwa Stiff na familia juu ya mti, wanaona nyota inayoanguka, basi. Imeisha.

Mimi nimekulia karibu na Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi. Shuleni tulikwenda kwa mguu. Kina urefu wa mita tatu, ni chuma karibu chote na nikeli kidogo. Ukikigonga kwa jiwe kinalia kama reli. Tani 25. Watu wa nje walikijua 1930 lakini wazee walikuwa nacho siku zote. Jambo linaloshangaza ni kwamba hakuna shimo. Kimekaa tu kilimani. Walichimba udongo pembeni wakaacha nguzo chini yake, wakaijengea zege, ndiyo maana kinaonekana kama kimewekwa mezani. Mtoto nikiweka kiganja, baridi hata saa sita mchana, nilikuwa nawaza: siku kilipoanguka, chini palikuwa na nani? Walikuwa wanaongea nini?

Nilipofika mwisho wa kitabu nilirudi kwenye kiganja changu kile.

#31 Mchapaji_Sabasaba
Umeandika kitu kikubwa. Marekebisho madogo: makadirio yanayotumika ni tani 16. Na siku hizi Mbozi iko mkoa wa Songwe, tangu 2016, bado watu wanaiandika Mbeya.

#32 Jirani_wa_Kimondo
16, sawa, nimekubali. Tulikaririshwa 25. Songwe naishi, sijasahau.

#33 Nesi_wa_Njombe
Kwangu mwisho ule ni ukatili. Mtu anahangaika kitabu kizima, anafika, anapewa kiti, na mchoraji anarusha jiwe.

#34 Doto_bila_Kulwa
Mimi naona Ignazio amekuja kumchukua. Ndiye msimulizi, ndiye anayejua lini simulizi inaisha. Na jina Asterios ni la nyota kwa Kigiriki. Alikuwa na jiwe hilo kwenye jina tangu siku ya kwanza.

#35 Mhehe_wa_Gangilonga
Au halijaanguka. Hatukuonyeshwa likigusa. Stiff wanaona mwanga, wanafurahi, wanaomba heri. Inawezekana limepita. Mimi nalala vizuri nikiamini limepita.

#36 Fundi_Makambako
Limepita au halijapita, Hana alishasema alichotaka kusema. Tazameni tena pale sebuleni. Anaongea yeye, na yule bwana kanyamaza.

#37 Mama_Vitenge
Nimekwenda kuuliza kwa Binti Uyole nikakumbuka kitabu kiko kwako fundi. Ni kweli kanyamaza? Muda gani?

#38 Fundi_Makambako
Kitabu hakina namba za kurasa mama, siwezi kukupa namba. Nimeweka kipande cha gasketi pale. Kikirudi fungua hapo hapo.

#39 Binti_Uyole
Nimesoma majibu yote mara tatu. Nesi kanishika upande mmoja, Doto upande wa pili. Fundi nakubali kwamba kubaki gerejini kunahitaji uamuzi. Lakini bado sijatoka pale kwenye sikio. Ningependa siku moja Asterios aseme sentensi inayoanza na "Hana alisema". Mkinionyesha moja tu nitafuta kichwa cha uzi.

#40 Mchapaji_Sabasaba
Naitafuta. Nipe zamu ya kitabu baada ya Iringa.

#41 Mhehe_wa_Gangilonga
Zamu ya Iringa ni yangu, fundi mpe konda wa basi la asubuhi, nitakuwa Ipogolo kuanzia saa sita. Kitenge kikiwa kimefuliwa.

#42 Fundi_Makambako
Kimefuliwa, kiko kwenye kamba. Mvua haijakata, huenda ikawa keshokutwa.